Maua Yaliyovuka Mpaka

Nakumbuka asubuhi moja hapa Bugarama, mama mkwe wangu alipopiga magoti mbele ya maua yangu. Ndiyo, maua, mwanangu. Juzi uliniomba mizizi ya kupanda kwako. Nitakupa, lakini kaa kwanza.

Nilikuwa mkamwana mgeni, mpenda sifa kidogo. Ukingoni mwa shamba letu nilipanda haya maua mekundu yenye majani kama ya mgomba, ambayo kiangazi hakiyaui wala mbuzi hawayamalizi. Kila apitaye aliyasifu, nami nikavimba kichwa. Mvua zikianza yalichipua yenyewe, kila mwaka mengi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi sikuuliza kibaba ni cha nani.

Jirani yetu alikuwa Baba Stefano, mwenyeji wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Msimu ule machipukizi yakatokea katikati ya maharage yake. Akayang'oa, akayalaza njiani. Mimi nikaona kadharau maua yangu, nikayaokota na kuyarudisha palepale alipoyang'oa! Ujana, mwanangu. Kesho yake nilimwamkia shikamoo, akapita kimya. Hapo hofu ikaniingia.

Nilipomweleza mama mkwe, aliweka ungo chini. Yeye alivuka mto Ruvubu kutoka Burundi akikimbia na mtoto mgongoni, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Mti wa mpaka uko wapi?" akauliza.

Sikujua. Tukaenda, akapiga magoti, akapenyeza mikono kwenye majani na kupapasa. Aliukuta mti mfupi uliopandwa na wazee kuonyesha mpaka umemezwa katikati ya maua. Hatua mbili nzima ng'ambo yake, maua yangu yalikuwa yamesimama kwenye shamba la mtu.

"Mkamwana," akasema, "kule kwetu niliona mtu akiuawa kwa kipande kidogo kuliko hiki. Aliyemuua tulikuwa tukichota naye maji. Haikuanza na panga. Ilianza na salamu isiyoitikiwa."

Kabla sijajibu, Baba Stefano akatokea kwenye maharage, panga mkononi. Hata leo sijui alikuja kukata nini. Nikataka kukimbia nimwite mume wangu, mama mkwe akanishika kanga.

"Ukimwita yatakuwa mapanga mawili."

Akainuka, akamwendea mikono mitupu, imejaa udongo. "Baba Stefano, njoo uone mti. Tumekukosea."

Mzee aliutazama mti, akatutazama sisi, akautazama tena. Kisha akainama, akaanza kukata mabua, ya upande wake tu. Nikaleta jembe, nikafukua mizizi minene kama tangawizi mpaka mti ukabaki wazi. Alipofuta panga lake alisema, "Nibakizie michache. Mama Stefano anayapenda."

Mama mkwe alicheka. Tulipofika nyumbani aliketi jikoni akalia, nami nikalia naye, maana hofu ilikuwa bado haijatutoka.

Basi chukua mizizi hii. Panda ndani kabisa ya upande wako, weka samadi, kata mabua yaliyokwisha kutoa maua. Kila kiangazi, kabla ya mvua, fukua mizizi yote uipunguze, na umwite jirani aone unavyofukua. Ua hili halifi, ndiyo maana linataka kuangaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta nyingine hujengwa na damu. Siku utakayomwamkia jirani asikuitikie, usimnunie wala usingoje ya pili. Nenda ukautafute mti wa mpaka.

Mungu akuoteshee yaliyo yako mahali palipo pako, mwanangu, na kila asubuhi ukimwamkia jirani, usikie akikuitikia.