Tone la Kwanza

Mke wangu huhesabu kila kitu. Akichagua mchele, atakwambia mawe yalikuwa saba. Ngazi za nyumbani kwa mama ni kumi na nne, na nikithubutu kusema kumi na tano ananirudisha chini nizipande upya. Ndugu zangu wamembandika jina la Kikokotoo. Na mimi, seremala ninayependa kukadiria kwa jicho, ndiye niliyemwoa.

Lakini kazi yake inataka hivyo. Ni mtafiti wa saratani za damu. Chumba chake kiko mwisho wa korido ya hospitali: friji mbili, sinki, darubini, na stuli ndefu niliyomtengenezea mwenyewe, maana ile aliyopewa ilikuwa ikilia kila akipumua. Hapo huhesabu chembe za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, mia tano kwa kila mgonjwa, akitafuta zile mbaya. Vioo vyake vya darubini, vinavyopakwa uboho huo, vina namba tu, havina majina.

Mwaka ule walikuwa wakijaribu dawa mpya kwa wagonjwa arobaini. Mmoja alikuwa mdogo wangu, kinyozi, mwenye mdomo usiojua likizo. Majibu yakasema yuko safi, na wiki iliyofuata angeachishwa dawa. Mama alimkumbatia mpaka akaomba hewa. Mke wangu peke yake alikuwa amekunja uso.

"Mbona umenuna?" nikamuuliza.

"Vioo vya siku hizi ni safi mno," akasema. "Uboho huacha vipunje vidogo vya mafuta kwenye kioo. Mimi sivioni."

Kesho yake akaenda wodini kutazama tu. Daktari akachoma mfupa wa nyonga ya mgonjwa na kuanza kuvuta. Sirinji ya kwanza ikaenda kupimwa vijidudu, ya pili vinasaba, ya tatu ndiyo ikawa yake.

"Fomu yako huwa ya mwisho kwenye trei, dada," muuguzi akamweleza. "Sisi tunafuata mpangilio wa trei."

Uboho wenyewe uko kwenye matone ya kwanza. Ukizidi kuvuta, damu ya kawaida inajichanganya, na chembe mbaya huonekana chache kuliko zilivyo. Mwaka mzima mke wangu alikuwa akipima utamu wa chai iliyoongezwa maji.

Mkuu wao, tunayemwita Mzee Tai kwa sababu tai yake ya shingoni haivui hata jua likiwaka, alikuwa amekwisha kata tiketi ya kwenda kuitangaza dawa mkutanoni mke wangu alipomwendea.

"Tufute majibu mangapi?" akauliza.

"Yote arobaini. Na wote waitwe wachomwe upya."

"Unajua unachoharibu?"

"Najua. Hesabu ni zangu, na kosa ni langu. Nilipaswa kwenda kutazama mapema."

Mdogo wangu alikuja nyumbani amefura. "Shemeji, furaha umenipa mwenyewe, na sasa unaninyang'anya!"

"Nikasirikie utakavyo, shemeji. Lakini Jumatatu uje."

Mama akamnunia. Hata mimi, naona haya kusema, nilimnong'oneza kwamba huyu mmoja angemwacha apumzike.

"Ndugu yako ndiye nimwache?" akauliza.

Jumatatu kinyozi akaja, bado amenuna, akachomwa. Safari hii kioo kilitoka kwenye tone la kwanza. Chembe mbaya zilikuwa thelathini na moja. Kama kipimo kisingerudiwa, zingebaki mwilini mwake, na dawa angekuwa ameshaacha. Wenzake kumi na mmoja walikutwa hivyohivyo, na wote wakaongezewa matibabu. Mzee Tai alirudisha tiketi yake, na mpaka leo ananung'unika.

Miezi kumi na minne baadaye mdogo wangu alilala tena kitandani kuchomwa. Nilikuwa nimemshika mkono. Akageuza shingo.

"Daktari, hiyo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi mpelekee shemeji yangu. Mwambie asinionee huruma."

Hakumwonea. Alihesabu mia tano, akarudia, kisha akamwita mwenzake naye ahesabu. Haikupatikana hata moja mbaya. Mimi huwa sijisifu, lakini siku hiyo kila mteja aliyeingia karakana yangu alijua nimemwoa nani.

Jioni tulikwenda kwa mama. Alikuwa anatusubiri chini. Akamshika mkwewe mkono, wakaanza kupanda pamoja polepole, mama akizihesabu ngazi kwa sauti, moja moja, mpaka ya kumi na nne.