Beji Yangu Kwenye Sinia la Bibi

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatishwa: mimi ndiye niliyemwaibisha bibi yangu mzaa mama mbele ya katekista, kwa simu yangu mwenyewe, siku aliyochinja mbuzi kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Mazwi, nikasoma ufundi wa sola mtandaoni, kwa simu hiyohiyo, na nilipofaulu wakanitumia beji ya kidijitali (kiduara cha kijani chenye jina langu, ukikibonyeza kinaeleza ulichojifunza). Kwa mtu aliyefeli kidato cha nne, kile kiduara kilikuwa kitu kikubwa, na nilipompigia bibi kule kijijini Mpui hakuuliza beji ni nini, aliuliza naileta lini, kwa sababu nyumbani kwetu cheti cha kwanza cha mjukuu huwekwa kwenye sinia lenye kitambaa cheupe, kikazungushwa kwa wageni, kila mmoja akakishika na kumbariki mwenye cheti. Ningeweza kuiprinti mjini kabla sijapanda gari. Nikaona uvivu, nikasema si ipo kwenye picha za simu, wataiona humohumo.

Basi simu ikalazwa kwenye sinia, ikazunguka, wazee wakaishika kwa vidole vyenye mafuta ya nyama, huyu kagusa, yule kapangusa, kila kidole kinasogeza picha, na ilipofika kwa katekista akakuta video, akaibonyeza akidhani ndivyo beji inavyofunguka. Alikuwa bibi, jikoni, nimemrekodi kwa siri nikiwa mlangoni, anasonga ugali wa ulezi huku anacheza, kiuno chote, anaimba Kifipa (maneno yenyewe si ya kusema mbele ya katekista), na sauti ya simu nilikuwa nimeifungua yote. Wageni wakavunjika mbavu. Bibi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya na hakuwa mtu wa kutaniwa ovyo, akasimama akaja mpaka nilipokaa.

"Mume wangu, futa hiyo. Futa nikiona."

"Bibi, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Futa."

Nikafuta, mpaka kule zinakobaki zilizofutwa, yeye amenisimamia. Halafu akataka nimwonyeshe beji, akaishika simu kwa mikono miwili, akanibariki kwa Kifipa kama hakuna kilichotokea, na wageni wakaendelea kula.

Bibi alifariki masika yaliyofuata. Picha zake tunazo, zote amekaa kwenye kiti, amenuna, mikono magotini, kama alivyopenda aonekane kwa watu. Beji ipo mpaka leo na kazi inanipatia, sikatai. Lakini namkumbuka sana yule bibi wa jikoni, na nimemuuliza mama, nimewauliza mama wadogo, hakuna hata mmoja anayeujua ule wimbo. Siku hizi simu yangu haizunguki kwenye sinia la mtu, na video ya mtu wa nyumbani siifuti, hata anisimamie mpaka jioni.