Bibi Harusi Aliyeletwa Kutoka Baharini

Mwanvua wa Kasongo hajawahi kuiona bahari, na ukimwambia hivyo atakujibu kwamba hata wewe hujaliona ini lako, lakini unalo. Huyo ndiye Mwanvua. Anauza vitumbua karibu na msikiti. Alizaliwa Wamaza, vijijini upande wa Kabambare, akaolewa hapa mjini, na kwao chakula kikizidi chumvi husema, "Mboga imefika pwani." Maneno hayo waliachiwa na babu wa baba yake, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu hadi baharini, akaonja yale maji, akarudi kusimulia.

Sasa, mtaani kwetu bibi harusi haingii kwa mume mpaka aletwe kwa wimbo. Mwimbaji humtoa baharini, akampitisha Tabora na Ujiji, akamvusha ziwa, akamleta kwa njia ya Kabambare mpaka mlangoni. Akiruka kituo kimoja tu, watu hupiga kelele, "Rudi baharini!" na wimbo huanza upya, bibi harusi kasimama juani. Aliyeushika wimbo huo miaka yote ni Bibi Nuru, wa familia ya wafanyabiashara wa zamani wa pembe. Mwanvua ameoza mabinti watatu, na mara zote tatu aliomba awaimbie mwenyewe. Mara zote tatu Bibi Nuru alimjibu, "Weye mutu wa Wamaza, bahari uliionaka wapi?" Mimi nilikuwepo, na hasira yangu haijapoa hadi leo.

Mwaka jana aliolewa Soraya, mjukuu wa mwisho wa Mwanvua, tena akaolewa na mpwa wa Bibi Nuru. Safari hii Mwanvua hakuomba. Tulipofika mlangoni, Bibi Nuru akakohoa kusafisha koo. Kabla hajafungua kinywa, Mwanvua akamshika mjukuu wake mkono, akaanza:

Kasongo nilipotoka,
na pembe nilijitwika,
Kabambare nikavuka,
pwani bado sijafika.

"Rudi baharini!" vijana wakapiga kelele, maana hakuna aliyewahi kuanzia Kasongo.

Bibi Nuru akainua mkono. "Umeanza mubaya, Mama Mwanvua. Rudia ku bahari ao nyamaza."

Mwanvua hakupandisha sauti. "Nitarudia aje ku fasi siyafika bado? Ningali mu njia, Dada Nuru. Pembe ya babu yenu iko ku bega yangu."

Nilimwona Bibi Nuru akilitazama lile bega, kama vile kweli kuna kitu juu yake. Kisha wanawake wa jikoni, wengi wao watu wa Kabambare, wakapiga vigelegele, na mmoja akaanza kugonga sufuria kwa mwiko. Hapo hapakuwa na wa kumzuia tena. Mwanvua akatembea kituo kwa kituo, akavuka ziwa, akapita Ujiji na Tabora, akafika. Akaimba maji yanayoondoka na kurudi yenyewe kila siku bila kuitwa, na chumvi ilivyouma midomo iliyopasuka kwa safari. Ndipo akatua mzigo, akageuka, akaanza ule wimbo wetu wa siku zote, wa kurudi.

Hakuruka hata kituo kimoja. Alipomaliza, Bibi Nuru mwenyewe akausukuma mlango, na Soraya akaingia huku bibi yake akilia na kucheka. Mimi nilipoteza kiatu katika kucheza na wala sikukitafuta.

Wiki mbili baadaye Bibi Nuru alikuja kusimama mbele ya vitumbua, akajifanya anachagua.

"Ijumaa iko ndoa kwetu," akasema. "Weye utaanzia hapa Kasongo. Miye nitakungojea ku bahari."

Mwanvua akageuza kitumbua taratibu.

"Uningojee muzuri, Dada," akasema. "Miye nakuja na miguu."