Pengo kwenye Gitaa la Kaka

Mimi ni fundi seremala, na nitasema bila haya kwamba ni fundi mzuri. Hapa Malindi iko milango mingi niliyoitia viraka, na ukimwambia mwenye nyumba akuonyeshe kiraka kiko wapi, atakodoa macho mpaka achoke. Kazi yangu ndiyo hiyo: ubao ulioharibika urudi uonekane haukupata kuharibika. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Kaka yangu mkubwa alipiga gitaa la umeme kwenye mahoteli ya Kikambala miaka mingi. Alipoacha kazi, mkewe ameshafariki, akaja kukaa kwangu na sanduku moja na hilo gitaa. Halafu akaanza kusahau. Kwanza alisahau funguo, baadaye njia ya dukani, mwisho akatusahau sisi wenyewe. Daktari alituambia wazi kwamba dawa ya kumrudisha hakuna, tumtunze tu na tumzoee hivyo alivyo.

Lakini gitaa lilikuwepo. Asubuhi nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, kaka," naye huniitikia, "Marahaba, karibu," kama mtu anayempokea mgeni mlangoni. Basi namwekea gitaa mapajani, hata bila kulitia umeme. Dole gumba lake lilikwenda moja kwa moja ubavuni, kwenye pengo lililokuwa pale, likaingia likatulia. Pengo lenyewe lilipatikana siku gitaa lilipoanguka kutoka kwenye pikapu, yeye na wenzake wa bendi wakitoka kazini. Kilibanduka kipande cha ukubwa wa kokwa ya tende, na kwa kusuguliwa na dole lile miaka nenda miaka rudi, pakawa laini. Akishapagusa hapo, ndipo aanze kupiga. Akimaliza wimbo wa kwanza au wa pili huniangalia akasema, "Bwana maranda, umekula?" Alinitania hivyo tangu ujana wetu, maana mimi sikosi maranda kwenye nywele. Nusu saa kila asubuhi nilikuwa na kaka yangu, na nilitosheka nayo.

Lile pengo, nikiri, lilikuwa likiniwasha tangu zamani. Mara ngapi nilimwambia, "Kaka, niachie siku moja tu nilizibe." Naye hunijibu, "Liache. Limekukosea nini?"

Masika yakaja na paa la chumba chake likavuja. Tukampeleka kwa dada yetu huko Jilore ili niezeke upya. Gitaa nikasema lisije likanyeshewa njiani, nikalitia stoo, nikaliegemeza ukutani, chini kabisa, nikalisahau wiki tatu. Mtu mzima, fundi wa mbao, naegemeza ubao ukutani msimu wa mvua. Nilipokwenda kulichukua nikaona njia ya udongo imepanda kutoka sakafuni mpaka kwenye ubao, nikajua. Gitaa la umeme halina uwazi ndani kama yale mengine, ni ubao mmoja mzito. Lakini pembe yake ya chini nilipoibonyeza, kidole kilizama. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakabakisha rangi ya juu.

Nikavua nyuzi na vyuma vyote. Nikachonga kwa patasi mpaka nikakuta ubao mzima, ulio mgumu, nikakata kiraka cha mkangazi kutoka mlango wa kabati la zamani, kwa kuwa mkangazi si mzito na rangi yake ilikaribiana. Nikakitoshea polepole, naingiza natoa, naingiza natoa, mpaka kikakaa chenyewe bila kulazimishwa. Nikatia gundi, nikakibana kwenye jiriwa siku mbili.

Wakati huo kaka alikuwa amesharudi kutoka Jilore. Kila siku swali lilikuwa hilo hilo.

"Gitaa langu liko wapi?"

"Liko kwa fundi, kaka."

"Fundi gani?"

"Mdogo wako."

"Ah. Basi litakuwa zuri."

Hukaa kidogo akauliza tena, nami namjibu vile vile. Kuna siku nilimjibu kwa ukali, mara ya kumi hiyo, naye akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nikatoka nje nikajifanya natafuta msumeno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kiraka kilitoka vizuri ajabu. Nilipitisha msasa, nikapitisha kiganja cha mkono, sikuhisi maungio. Ilibaki kupaka vanishi tu. Hapo ndipo nilipopaswa kuuweka msasa chini. Pengo lilikuwa mbali na pale walipokula mchwa, halikuwa na dhambi yoyote. Lakini kila nikiligeuza gitaa kwenye mwanga, jicho langu linaangukia hapo. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikalijaza, nikalisawazisha, nikapaka vanishi juu. Nisiusingizie mkono. Nililiona, nikalitamani, nikaliziba.

Mke wangu alilishika kwanza. "Umeziba mpaka lile lake?"

"Si ni zuri?"

"Ni zuri," akasema, akanirudishia.

Asubuhi nikamwekea kaka mapajani. Dole likaenda ubavuni, likateleza. Likarudi, likateleza tena. Alilitafuta kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya wenyewe. Kisha akaacha, akanitazama kwa upole.

"Gitaa zuri. La nani?"

"Lako, kaka."

"La, langu nalijua."

"Ni lako, wallahi. Limetengenezwa."

Akatabasamu, yale matabasamu ya kumridhisha mgeni. "Mwenyewe atalitaka. Si adabu kupiga cha mtu bila idhini yake." Akanirudishia kwa mikono miwili.

Siku nne hakupiga. Siku nne aliniitikia "Marahaba, karibu," asubuhi mpaka jioni, na ile nusu saa yangu ikawa imekwenda. Mke wangu alimchezea nyimbo kwenye simu, akasikiliza kwa heshima kisha akasinzia. Humo humo kwenye simu kulikuwa na picha yake akiwa na gitaa, pengo laonekana wazi. Nikaitazama ile picha, nikapima, nikachukua patasi. Mimi, ambaye maisha yangu yote naziba, nikakaa kibandani kwangu kulichimba pengo lile upya mahali pale pale. Nikalisugua kwa msasa, kwa kitambaa, mwisho kwa dole langu mwenyewe mpaka ngozi ikauma. Lilifanana na la kwenye picha. Kufanana lilifanana.

Nilipompa, dole lake liliingia. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikasogeza kiti. Lakini halikutulia. Lilizunguka mle ndani, likatoka, akaliinamia akaliangalia.

"Masikini," akasema. "Nani kalikwaruza? Mwenyewe akiliona hivi ataumia."

Sikuwa na la kufanya tena. Mbao nazijua, nikikosea mlango nitatengeneza mwingine, lakini hili sikulijulia hata pa kuanzia. Nikawaza, kama shida ni idhini, basi na itafutwe idhini. Nikamwambia nakwenda kumwomba mwenyewe. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango wangu, mlango nilioutengeneza kwa mikono yangu, nikangoja muda wa mtu kufika nyumba ya jirani na kurudi. Nikaingia.

"Mwenyewe amekubali, kaka. Amesema upige utakavyo."

"Hajambo?"

Nilimtazama, kakonda, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, gitaa mapajani mwake. "Hajambo," nikasema.

"Mshukuru sana." Akalipangusa gitaa kwa kiganja, akalinyoosha kwangu. "Lakini mrudishie. Mimi langu liko kwa fundi, ni mdogo wangu. Kijana hodari yule, hana kawaida ya kuchelewesha kazi. Wamjua?"

"Namjua."

"Ukimwona mwambie namngoja."

Nikalipokea gitaa kwa mikono miwili, kama alivyolitoa. Nikamwambia nikimwona nitamwambia.