Kobe na Barua ya Mwendo Kasi

Kazini walimwita Kobe, na hakuwahi kukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipeleka mitungi ya oksijeni hospitalini, na mtu mwenye mzigo kama huo nyuma ya kiti chake hana haja ya kukimbizana na mtu. Madereva wengine walimpita wakipiga honi. Yeye aliinua kidole kimoja kuwasalimu, akashika hamsini zake, za maisha na za mwendo.

Barua ilifika nyumbani siku ya Alhamisi. Mkewe, fundi cherehani, aliikata bahasha kwa mkasi wa kazini, akaisoma mara mbili, kisha akamsubiri mumewe mlangoni.

"Baba watoto, Jumapili iliyopita uliniambia unakwenda wapi?"

"Kwa dada, kumfungia tangi la maji. Kwani vipi?"

"Na hilo tangi liko barabara ya ziwani?"

Akampa karatasi. Ilikuwa imetoka ofisi ya trafiki. Pikapu ya kampuni, namba zilezile anazozijua kama siku yake ya kuzaliwa, ilipigwa picha na kamera Jumapili, saa kumi na dakika saba jioni, ikienda kilomita mia moja na nane kwa saa mahali panaporuhusiwa themanini. Chini yake iliandikwa: dereva, kwa maelezo ya mwajiri. Likafuata jina lake kamili, mpaka la babu.

"Mia na nane?" alisema. "Mimi?"

"Hilo ndilo linalonitisha," mkewe akajibu. "Miaka yote hii hujawahi kunikimbilia mimi. Huko ulikuwa unamkimbilia nani?"

Akaapa. Mkewe akaenda jikoni kupiga simu, na mlango hakuufunga vizuri. "Wifi, hujambo? Eti lile tangi limekaa sawa? Aa, vizuri. Na aliondoka kwako saa ngapi?" Aliporudi alipakua chakula. Dada mtu alikuwa ameeleza kila kitu sawasawa, lakini haikusaidia sana. "Dada yako," alisema, "hata ukiua mtu atasema mlikuwa naye mnafunga tangi."

Usiku ule Kobe hakulala vizuri. Kilichomkera zaidi si faini wala doa kwenye leseni. Mtu, mahali fulani pale kazini, alikuwa amekaa mezani akaandika jina lake huku akijua ni uongo. Nani?

Ijumaa asubuhi alianza na karani wa magari, ambaye wote walimwita Mama Funguo kwa sababu funguo za magari zilikaa kwenye droo yake.

"Mama, Jumapili nani alichukua pikapu?"

"Mimi Jumapili siji kazini," alisema, akiwa ameinamia karatasi zake. "Gari lile ni lako. Likiulizwa, linaandikwa jina lako. Ndivyo ilivyo."

Kobe alimtazama. Mama Funguo alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo maneno yalikuwa yamemkauka.

Akaenda kwenye gari. Nyuma, penye pembe ya bodi, alikuta kipande cha kamba ya nailoni ya buluu. Yeye mitungi hufunga kwa minyororo. Hapo hapo mawazo yake yakarukia kwa Moshi, dereva mwenzake, rafiki wa kugawana naye chai kila asubuhi. Jumamosi, siku ya mapumziko ya Kobe, Moshi ndiye aliyekuwa wa mwisho kulirudisha gari hilo. Moshi alikuwa anahama nyumba mwezi ule. Na jina la Moshi halikutoka jikoni. Alilipata kwa jinsi alivyokuwa akiondoka getini.

Jumatatu na Jumanne Kobe aligeuka mpelelezi. Alisoma kilomita kwenye dashibodi asubuhi na jioni. Alimuuliza Moshi, kama mzaha, kama alishamaliza kuhamisha vitu. "Bado kitanda," Moshi akasema. Kobe akaliweka jibu hilo moyoni kama ushahidi. Chai akaanza kunywea ndani ya gari, vioo vimefungwa. Moshi alimgongea kioo mara moja, akaona hafunguliwi, akaenda zake.

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda ofisi ya trafiki. Palikuwa na benchi refu na foleni ya watu wenye barua kama yake, kila mmoja akiwa na hadithi. Zamu yake ilipofika, askari mwanamke aliyekuwa dirishani aliisoma barua.

"Unakataa?"

"Nakataa, afande. Sijui ni nani, lakini si mimi."

"Kampuni ndiyo mwenye gari. Sisi tunaiuliza nani alikuwa anaendesha, na ni jukumu lake kujua na kusema kweli. Ikitaja mtu asiye mwenyewe, kosa linakuwa la aliyejaza fomu, si la huyo mtu." Akageuza kompyuta. "Hebu angalia mwenyewe."

Picha ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Nyuma ya pikapu palikuwa na kochi kubwa lililofungwa kwa kamba ya buluu. Kwenye usukani alikaa mtu mwenye miwani myeusi, lakini miwani haikuweza kuficha masikio. Kobe aliyajua masikio yale. Kwa miaka sita alikuwa ameyatazama kila Jumatatu, kwenye kikao cha usalama barabarani, meneja akiwasomea madereva taratibu za mwendo.

Alijaza fomu ya pingamizi papo hapo, akaomba nakala ya picha.

Aliporudi, alimwekea Mama Funguo nakala hiyo mezani. Mama aliitazama, akavua miwani yake ya kusomea, akaanza kulia.

"Aliniambia, 'Andika Kobe.' Leseni yake yeye imebakiza kosa moja tu afungiwe. Yako, alisema, ni nyeupe, haitaumia. Nilimwambia si vizuri. Akaniuliza kama nimechoka kazi."

Meneja alimwita kabla ya saa sita. Safari hii alimwita "mzee wangu", na akafunga mlango yeye mwenyewe.

"Haya ni mambo ya ndani, mzee wangu. Faini kampuni ingelipa. Kwa nini ukimbilie nje?"

"Bosi, jina langu wewe ndiye uliyelitoa nje."

Mwenye kampuni, mjane mmoja asiyependa kelele, alipata wito wa trafiki wiki hiyo hiyo. Meneja aliandika maelezo mapya kwa mkono wake, leseni ikafungiwa, na baada ya mwezi akahamishiwa ghalani, mahali pasipohitaji gari. Mama Funguo alipewa barua ya onyo na daftari kubwa: kila ufunguo unaotoka, anayeuchukua atie saini, hata kama ni mwenye kampuni.

Nyumbani, mkewe aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Kochi lenyewe baya," alisema, akamwongezea mchuzi.

Hesabu iliyobaki ilikuwa ya Moshi. Kobe alimfuata getini na vikombe viwili, akamweleza yote, kamba na kitanda na kilomita.

Moshi alisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniuliza, kaka, ningeudhika siku moja," alisema. "Lakini hukuniuliza."

Kikombe alikipokea, ila chai aliinywa amesimama.