Kaburi Lililosikika Ihanda

Mkono wa kulia wa Deodatha una vidole viwili. Vingine vilibaki juu ya meza ya maktaba ya chuo, mchana kweupe, na aliyevikata ni shemeji yake Egbert, ambaye siku ya kumzika mumewe ndiye aliyemshika mkono huohuo asianguke kaburini. Watu wa Ihanda husema kilichomponza ni kitabu. Wanakosea, ila si sana.

Deodatha ni mkufunzi wa mazao katika chuo kidogo cha kilimo, na hana dogo. Mwanafunzi akiandika upuuzi huambiwa ni upuuzi. Mkuu wa chuo akisahau kununua wino, mama huyu humsubiri mlangoni mwa kanisa, ibada ikiisha anaanza naye. Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni vitabu. Vilikuwa ghali, vilisimulia mashamba ya nchi nyingine, na hakuna hata kimoja kilichomfaa Theoneste, mwanafunzi wake kutoka Nyakasimbi, mtu mzima mwenye ndevu aliyepofuka ukubwani kwa ugonjwa. Theoneste alikaa mbele darasani, akisubiri wenzake wamsomee wakipata nafasi. Hawakuipata mara nyingi.

Basi akaandika chake mwenyewe, kuhusu magonjwa ya migomba. Akakitoa kwa leseni huria: anayetaka anakili, atafsiri, abadili, agawe, bila kumpigia mtu magoti, mradi ataje kilikotoka. Halafu akakisoma chote kwa sauti kwenye simu, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, lugha ya huko. Theoneste alimpa sharti moja tu.

"Mwalimu, ukifika kwenye picha usiseme 'kama mnavyoona.' Mimi sioni. Niambie kilichomo, chote."

Akamwambia chote, na hapo ndipo alipokosea.

Picha ya ugonjwa wa mnyauko aliipiga kwenye kibanja cha Egbert, shamba la migomba linalopakana na lake. Kilikuwa kinakufa. Majani yalikuwa ya njano, ndizi zimeiva kabla ya wakati na ndani ni kahawia, shina ukilikata linatoa uji kama usaha. Alishamsihi shemeji yake mara nyingi ang'oe kila shina lililougua, alifukie, na panga alipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Egbert alikataa katakata. Katikati ya migomba ile kulikuwa na kaburi la baba yake, Ta Projest, naye hakuwa tayari kumwacha mzee juani kama mtu aliyekufa bila mtoto. Tena, huku kibanja kikioza, aliendelea kuchimba machipukizi na kuwauzia watu. Hilo ndilo lililomchefua Deodatha.

Hata hivyo alimsitiri. Jina hakulitaja, na sura ya Egbert aliyesimama kwenye picha aliifuta. Lakini alipofika kuisoma, akamkumbuka Theoneste, akasema: mwanamume amesimama, uso hauonekani, mgomba wa kushoto umenyauka, na nyuma yake kuna kaburi lenye vigae vya bluu, msalaba wake umeinama upande wa barabara. Mtu mwenye akili zake, mzaliwa wa palepale! Huku kwetu unaweza kuuficha uso wa mtu, lakini kaburi la baba yake linamtaja kwa jina.

Sauti ile haikukaa chuoni. Wanafunzi waliipeleka kwao, vijana wa bodaboda wakaiweka kwenye memori kadi, na siku ya gulio mmoja akaifungulia spika kilabuni, watu wakiwa wameshika rubisi, pombe ya ndizi. Wakulima walinyamaza, wakasikiliza. Ilipofika kwenye vigae vya bluu, mzee mmoja akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mae! Hilo si kaburi la Ta Projest?"

Egbert alikuwepo, kibuyu mkononi. Walikuwepo pia watu wa Nyakakika waliopanda machipukizi yake na kupoteza vibanja vizima. Hawakumuuliza swali. Wa kwanza alimpiga kibuyu cha uso, wa pili akamvuta shati mpaka likachanika, kisha wakamwangusha wakampiga mateke ya mbavu, kila mmoja akitaja shamba lake. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi alimkanyaga kiganja, akageuka, akakikanyaga tena. Walipomwachia alikuwa akitambaa kwenye matope ya rubisi na damu, na ile spika bado inaeleza namna ya kung'oa shina.

Deodatha alipopata habari alilia. Alilia kwa aibu, na kwa hasira vilevile, maana kila alichosema kilikuwa kweli.

Siku iliyofuata Egbert alimkuta maktabani, akirekodi na Theoneste. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Panga alilishika chini, ubavuni, kama mtu anayekwenda kukata mkungu.

"Shikamoo, shemeji," Deodatha akasema.

"Futa."

"Kwangu nitafuta leo hii. Nimekukosea, na nisamehe. Lakini watu wamekwisha kuichukua, siwezi kuingia kwenye kila simu."

"Basi chukua hiyo simu yako useme ulidanganya. Sema migomba ya Egbert ni mizima. Waisambaze na hiyo."

Hapo angeweza kukubali. Maneno machache tu, na mkono wake ungekuwa mzima mpaka leo. Deodatha alilitazama panga, akamtazama Theoneste aliyegeuza sikio, akawafikiria wale ambao wangekwenda kununua machipukizi yale kesho kwa sababu mwalimu kasema.

"Hilo sisemi, shemeji. Kibanja chako kinaua vya wenzako."

Panga lilishuka. Deodatha alikinga kichwa kwa mkono wa kulia, pigo likauangusha mezani, na la pili likaukuta hapohapo juu ya simu. Kioo kikapasuka, vidole vikaruka, damu ikaruka mpaka kwenye rafu. Theoneste hakuona lolote, lakini alisikia pumzi ya mtu ilipo. Alijirusha kwa kichwa, akampata Egbert tumboni, akamng'ata paja, akaning'inia. Egbert alimpiga kisigino cha mdomo, mara ya kwanza, ya pili, meno yakatoka, na bado Theoneste hakuachia mpaka kitako cha panga kilipompata kisogoni.

Egbert hakukimbia. Alitoka akitembea, damu ya mwanamke ikichuruzika kwenye panga, akaenda moja kwa moja kwenye kibanja cha Deodatha, akaanza kukata. Alikata mgomba baada ya mgomba huku akimtukana, kisha huku akimwita baba yake. Polisi walimkuta ameketi kwenye kaburi la Benjamin, mdogo wake, mume wa Deodatha, mikungu michanga imelala pande zote. Aliwanyooshea mikono wamfunge.

Deodatha alitoka hospitali akakuta mashina yameanza kuchipua. Alifurahi. Kisha machipukizi yakaanza kugeuka njano. Panga lile lilitoka kwenye migomba ya Egbert, na halikupita motoni.

Aling'oa yote, kama kitabu chake kinavyosema. Wanafunzi walichimba, Theoneste akiburuta mashina kwa kamba, na hakuna aliyethubutu kumwambia abakize hata mgomba mmoja karibu na kaburi. Jioni kibanja kilikuwa kama uwanja wa mpira.

Alipiga picha kwa mkono wa kushoto. Picha ya Egbert alikuwa amekwisha kuitoa kwenye toleo jipya, na hii ndiyo aliyoiweka mahali pake. Kisha Theoneste akamshikia simu karibu na mdomo, naye akasoma.

"Shamba limeng'olewa lote kwa sababu ya mnyauko. Udongo ni mtupu. Katikati kuna kaburi la saruji. Halina kivuli."

Theoneste alisubiri.

"Umesema chote, Mwalimu?" akauliza polepole. Meno yaliyong'oka yalimfanya atamke kwa kuteleza. "Hilo watu watalitambua. Nikate hapo?"

"Usikate. Sijamaliza." Deodatha akaisogeza simu karibu zaidi. "Kaburi ni la Benjamin, mume wangu. Shamba ni langu, mimi Deodatha wa Ihanda. Nakilini, mgawe."