Imbwa ya Dispanseri

Niko sentineli wa dispanseri moja hapa Lumumba, Bunia. Sikusoma sana, lakini kulinda mulango najua. Ao nilizania hivyo.

Juzi nikasikia munganga anaambia infirmier, musaidizi wake: "Juma ijayo tutakuwa na chien de garde." Imbwa ya kulinda! Basi kazi yangu imekwisha. Na kusema kweli, masikio ya imbwa inashinda yangu.

Kwenye mukutano wa wazazi wenye wanaletaka watoto kwa dispanseri yetu, nikainua mukono mbele ya wote. "Munganga, imbwa haijue kufungulia mama mwenye mimba mulango. Itanusa-nusa kila mutu. Na itatuletea viroboto!"

Watu wakacheka mupaka machozi. Akasimama Mama Béatrice, muuza sombe, majani ya muhogo, kwa soko. Ni yeye aligundua kama dawa za watoto zinapotea. Aliuliza, wakamukaripia, akauliza tena, mupaka dawa zikarudi. Namuheshimu sana, maana dawa hizo zilipita kwenye mulango yangu, na mimi sikuona kitu.

"Papa Déo," akasema, "chien de garde ni mutu mwenye siye tunachagua achunge mambo yetu. Akiona kitu mubaya, anapiga kelele. Wazazi wamenichagua mimi. Imbwa yenyewe ni miye."

Nikatafuta pa kuficha uso, hapakuwa.

"Kazi yako iko palepale," akaongeza. "Viroboto sina. Lakini kunusa-nusa, papa, nitanusa kila kartoni ya dawa yenye inapita kwa mulango yako."